Maji ya Fukushima: kuchemsha hakusaidii, na fizikia si kisingizio

"Hivi Wajapani hawa waliotujazia barabara kwa magari yao, wameshindwa kuchemsha maji?" Mzee mmoja alituuliza hivyo barazani, redio ilipotangaza awamu nyingine ya maji ya kituo cha nyuklia cha Fukushima kilichoharibika kumwagwa baharini. Watu walicheka, lakini swali lake halikuwa la kijinga. Kila mtu wa pwani anajua chumvi inavyopatikana: maji hupanda kuwa mvuke, chumvi hubaki chini. Kama uchafu uliomo kwenye maji yale unajulikana kwa jina, kwa nini usibaki chini ya sufuria kama chumvi? Tangu Agosti 24, 2023, siku umwagaji ulipoanza, nimeona watu wakilijibu swali hili kwa namna mbili, na zote mbili zinapotosha. Wapo wanaosema Japani inakwepa gharama ya kazi rahisi. Wapo wanaosema sayansi imeshathibitisha kwamba haiwezekani, basi mjadala umekwisha. Mimi nasema tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi iliyomo katika maji yale, haitenganishiki kwa njia yoyote yenye maana, na sababu yake iko katika jinsi molekuli za maji zinavyotikisika, si katika ubahili wa mtu. Lakini sababu hiyo hiyo haiwezi kubebeshwa mzigo wa maswali mengine ambayo hayahusiani na fizikia kabisa.

Turudi nyuma kidogo. Tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011 viliharibu mitambo ya kupoza vinu vya Fukushima Daiichi, na fueli ya vinu vitatu ikayeyuka. Tangu hapo maji ya kupoza, pamoja na ya mvua na ya chini ya ardhi yanayopenya ndani ya majengo, yamekuwa yakigusa fueli ile na kuchukua vitu vyenye mionzi. Kampuni ya TEPCO, inayomiliki kituo hicho, huyapitisha katika mtambo uitwao ALPS, uliobuniwa kuondoa aina 62 za vitu hivyo, kisha huyahifadhi katika matangi. Umwagaji ulipoanza matangi yalikuwa zaidi ya 1,000, na maji yalikaribia tani milioni 1.3. ALPS hukamata strontiamu, sesiamu na wenzao kwa sababu hao ni wageni ndani ya maji: wana chaji na kemia yao, na vipo vitu vya kuwanasa. Tritiamu haimo ndani ya maji kwa namna hiyo. Tritiamu ni hidrojeni iliyobeba nyutroni mbili, na imeingia kwenye molekuli yenyewe ikashika nafasi ya hidrojeni ya kawaida. Ukitaka kuitoa, unatenganisha maji na maji.

Watu wengi hupotea kwenye kiasi. Tritiamu yote iliyokuwa ndani ya matangi ilikadiriwa kuwa takriban terabekereli 780 (bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kila sekunde, na tera ni trilioni). Namba hiyo inatisha. Lakini gramu moja ya tritiamu hutoa karibu terabekereli 357, kwa hiyo tunazungumzia gramu mbili na kidogo, uzito wa bizari ya kuungia mchuzi, iliyotawanywa katika zaidi ya tani milioni moja za maji. Ukigawanya, unakuta molekuli moja yenye tritiamu kati ya kila molekuli bilioni 100. Mionzi yake hupimika kirahisi kwa sababu vyombo vyetu husikia atomu mojamoja inapovunjika. Kukisikia kitu na kukishika ni kazi mbili tofauti.

Sasa kuchemsha. Hoja ya mzee wetu, na ya wengi waliosoma kuliko yeye, ni kwamba molekuli yenye tritiamu ni nzito, na kizito hubaki chini. Maji ya kawaida yana uzito wa 18 kwa kipimo cha molekuli. Yakiwa na tritiamu moja, yanafika 20. Lakini kuna molekuli nyingine mbili za maji zenye uzito uleule wa 20: yale yenye deuteriamu mbili (deuteriamu ni hidrojeni iliyobeba nyutroni moja), yaani maji mazito ya vinu vya nyuklia, na yale ambayo hidrojeni zake ni za kawaida ila oksijeni yake ni ile nzito ya 18. Kama uzito ndio ungeamua nani apande na nani abaki, zote tatu zingefanana. Hazifanani hata kidogo. Katika joto la nyuzi 25, maji ya oksijeni nzito hutoa mvuke pungufu kwa chini ya asilimia moja tu kuliko maji ya kawaida. Maji ya deuteriamu mbili hupungukiwa kwa asilimia 13 hivi. Uzito ni mmoja, tabia ni mbalimbali. Kwa hiyo maelezo ya "kizito hubaki chini" yameshaanguka hata kabla hatujafika kwenye tritiamu.

Kinachoamua ni mahali uzito ulipoongezwa. Mfikirie muuza maji mwenye mzega begani, ndoo huku na ndoo huku. Akinenepa yeye mwenyewe kwa kilo kumi, kugeuka kwake hakubadiliki sana, maana uzito umeongezeka katikati, pale anapozungukia. Ukizijaza ndoo zilizokuwa nusu, kugeuka kunakuwa kazi nyingine kabisa. Molekuli ya maji ni mzega huo: oksijeni ni mbebaji, hidrojeni ndizo ndoo. Ongeza nyutroni mbili kwenye oksijeni, mzunguko wa molekuli hautagundua kitu. Ziongeze kwenye hidrojeni, umebadilisha mwendo mzima.

Na mwendo huo si uleule katika mvuke na katika maji. Ndani ya mvuke molekuli iko peke yake na inazunguka itakavyo. Ndani ya maji imeshikwa na majirani wapatao wanne, kama abiria wa daladala ya jioni ambaye hawezi kugeuka, anachoweza ni kutikisa mabega tu. Kutikisika huko ndiko kiini cha jambo lote. Kwa kanuni za kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo mno, kitu kilichobanwa hakitulii kamwe, hata baridi iweje. Hubaki na nishati ya mtikisiko ambayo hakiwezi kuiachia, na nishati hiyo ni kubwa zaidi kwa kilicho chepesi. Molekuli nyepesi, ikibanwa ndani ya maji, huwa tayari imeinuliwa kidogo ndani ya shimo lake, na safari ya kutoka kuelekea kwenye mvuke inakuwa fupi. Yenye deuteriamu au tritiamu imetulia chini zaidi. Hapo ndipo tofauti inapozaliwa: kwenye mabega ya abiria, si kwenye mizani.

Hadithi ingeishia hapo kama mtikisiko ungekuwa wa aina moja. Ila kila molekuli ina pia mwendo wa ndani, hidrojeni ikivutana na oksijeni kama kamba ya mpira. Molekuli inapotoka kwenye mvuke na kuingia kwenye maji, kamba hiyo hulegea, kwa kuwa jirani naye anaivuta hidrojeni kwa upande wake. Kulegea huko kunamfaidi aliye mwepesi zaidi, kwa hiyo kunamsukuma abaki majini. Nguvu mbili zinavutana basi: mabega yanasema chepesi kipande, kamba inasema chepesi kibaki. Katika joto la kawaida mabega hushinda. Joto likipanda, ushindi wao hufifia upesi, na kwenye nyuzi 221 hivi maji mazito na maji ya kawaida hutoa mvuke sawasawa. Ukivuka hapo, maji mazito ndiyo yanayopanda kwa urahisi zaidi! Katika benzini (kemikali ya kaboni na hidrojeni, si petroli), ambayo molekuli zake hazishikani kwa mikono ya hidrojeni, kamba ndiyo inayotawala hata katika joto la kawaida: benzini ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 80.1, na ile iliyojazwa deuteriamu, iliyo nzito zaidi, hutangulia kuchemka kwenye nyuzi 79.1. Mkemia wa Marekani Jacob Bigeleisen ndiye aliyeiwekea hesabu hii misingi, kwanza pamoja na Maria Goeppert Mayer mwaka 1947, kisha mwaka 1961 akaifikisha kwenye vimiminika. Nimeikawilia makusudi, kwa sababu anayedhani suala ni uzito atadhani pia kwamba moto mkali zaidi utaharakisha kazi. Ukweli ni kinyume. Kadiri unavyochemsha kwa joto kubwa, ndivyo tofauti unayoitegemea inavyoyeyuka mikononi mwako.

Tofauti hiyo ina ukubwa gani kwa tritiamu? Katika maji, tritiamu moja hutenda kama deuteriamu moja, ila kwa nguvu kidogo zaidi. Kwa deuteriamu moja, mvuke hupungukiwa kwa karibu asilimia 7 hadi 8 katika nyuzi 25, na chini ya asilimia 3 maji yanapochemka kwenye nyuzi 100. Tuwe wakarimu, tuseme tunachemsha kwa joto la chini ndani ya ombwe na tunapata asilimia 5 kwa tritiamu kila hatua. Ili kuipunguza mara kumi tu unahitaji hatua 50 hivi, hata kama kila moja imekwenda bila kasoro, na kila kilo ya maji itabidi igeuzwe mvuke na kurudishwa maji walau mara 20. Nilipiga hesabu ya harakaharaka: tani milioni 1.3, mara 20, kwa nishati inayohitajika kugeuza maji kuwa mvuke, inafika karibu saa za kilowati bilioni 16. Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, lingelazimika kufanya kazi kwa uwezo wake wote usiku na mchana kwa zaidi ya miezi 10. Mhandisi atanikatiza hapa, na ana haki: joto la mvuke linaweza kurudishwa kazini, na gharama ikashuka sana. Nakubali. Lakini baada ya kazi yote hiyo, wastani wa bekereli 620,000 kwa lita ungeshuka hadi 62,000 hivi, yaani bado juu ya kikomo cha kisheria cha Japani cha 60,000. Kuchanganya na maji ya bahari kunayafikisha chini ya 1,500. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10,000.

Hoja nzito ya upande wa pili ni kwamba tritiamu inatenganishwa leo hii, kibiashara. Ni kweli. Kanada inafanya hivyo katika kituo cha nyuklia cha Darlington, Korea Kusini katika kile cha Wolsong. Lakini huko wanasafisha maji mazito ya vinu, ambayo tritiamu yake kwa lita ni maelfu kwa maelfu ya mara zaidi ya ile ya Fukushima, na ujazo wake ni mdogo. Tena hawategemei kuchemsha maji. Huihamisha tritiamu kutoka kwenye maji hadi kwenye gesi ya hidrojeni, kisha huipoza gesi hiyo hadi ikawa kimiminika, karibu nyuzi 250 chini ya sifuri, kwa sababu huko kwenye baridi kali tofauti kati ya isotopu, yaani aina za hidrojeni zenye uzito tofauti, ni kubwa. Njia hiyo ina historia: mkemia wa Marekani Harold Urey alipoigundua deuteriamu mwaka 1931, mwenzake Ferdinand Brickwedde alimwandalia sampuli kwa kuacha hidrojeni kimiminika ivukize hadi ikabaki tone. Serikali ya Japani haikuipuuza hoja hii. Mwaka 2014 ilizichagua kampuni tatu, mojawapo ikiwa RosRAO ya Urusi, zijaribu mbinu zao, na mwaka 2016 jopo la wataalamu likahitimisha kwamba hakuna iliyokuwa tayari kutumika kwa maji mengi na hafifu kiasi kile. Anayetaka kuibatilisha hitimisho hilo anao uwanja. Alete mtambo, asilete picha ya kichujio.

Wazo la kuyaacha maji yavukize tu limewahi kutekelezwa. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island nchini Marekani, zaidi ya galoni milioni 2 za maji yenye tritiamu zilivukizwa, kazi iliyokwisha mwaka 1993. Lakini tazama kilichotokea hasa. Tritiamu haikubaki chini, ilipanda pamoja na mvuke, ikaenda na upepo. Japani nayo ililipima wazo hilo kabla ya kuchagua bahari. Kati ya hewa na bahari, bahari angalau inapimika: unajua mkondo unaelekea wapi na unajua wapi pa kuchota sampuli.

Wanaopinga wana hoja dhaifu zaidi kuliko zote, kwamba tritiamu hujikusanya ndani ya samaki kizazi hadi kizazi. Kwa kuwa imo ndani ya maji, huingia mwilini kama maji na hutoka kama maji. Nusu yake huondoka kwa siku 10 hivi. Sehemu ndogo hushikamana na protini na mafuta na kukaa muda mrefu zaidi, na hilo ni la kufuatiliwa, lakini haijilimbikizi ndani ya samaki kama zebaki. Mionzi yake ni hafifu kiasi kwamba haipenyi ngozi. China ilipopiga marufuku mazao yote ya bahari kutoka Japani siku ileile umwagaji ulipoanza, hata chaza wa Hokkaido walioko mbali kaskazini, haikuwa inazungumza lugha ya vipimo. Juni 2025 ililegeza marufuku hiyo kwa mikoa mingi huku ikiibakiza kwa mikoa 10.

Lakini watetezi wa umwagaji nao wana lao, na hapa ndipo ninapoachana nao. Hupenda kusema kiwanda cha La Hague nchini Ufaransa, kinachochakata fueli ya nyuklia iliyotumika, humwaga takriban terabekereli 10,000 za tritiamu kwa mwaka, ilhali Fukushima imewekewa kikomo cha 22. Ni kweli, na haijibu chochote: mvuvi wa Fukushima hakuwahi kuulizwa kuhusu La Hague. Mwaka 2015 serikali na TEPCO waliwaahidi wavuvi kwamba maji hayatatolewa bila wahusika kuelewa na kuridhia. Mwaka 2018 TEPCO ikakiri kwamba sehemu kubwa ya maji ndani ya matangi, yaliyokuwa yakitajwa kana kwamba yamebakiwa na tritiamu tu, yalikuwa bado na strontiamu na vitu vingine kupita kikomo, na yangehitaji kusafishwa tena. Jambo hilo halihusu nishati ya kwanta wala mabega ya molekuli. Strontiamu inatenganishika, kila mtu anajua, na haikuwa imetenganishwa ipasavyo. Ukiisimamisha tritiamu mbele ya kamera na kueleza, kwa haki kabisa, kwamba hakuna awezaye kuiondoa, unayapunguza maswali kuhusu vile vinavyoweza kuondolewa. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilisema katika ripoti yake ya Julai 2023 kwamba mpango unakidhi viwango vya kimataifa na kwamba athari yake kwa watu na mazingira ni ndogo mno. Mimi naikubali ripoti ile. Haikuandikwa kurejesha ahadi ya 2015.

Lipo pia pendekezo la kusubiri, nalo nalipa uzito. Tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3. Ukiiweka miaka 60, inabaki sehemu moja ya thelathini hivi. Pingamizi ni kwamba eneo linahitajika kwa kazi ya kutoa fueli iliyoyeyuka, matangi yanakaa katika nchi ya matetemeko, na maji mapya bado yanazaliwa kila siku. Kinachosahaulika ni kwamba kikomo cha terabekereli 22 kwa mwaka kinaufanya umwagaji wenyewe uchukue miaka ipatayo 30. Kwa hiyo kusubiri tayari kumo ndani ya mpango, sehemu isiyo ndogo ya gramu zile mbili itakufa ndani ya matangi kabla haijaona bahari. Laiti TEPCO wangelisema hilo kwa sauti kubwa zaidi kuliko walivyosema la La Hague.

Kwetu huku jambo hili si la mbali kama linavyosikika. Kenya imekuwa ikitafuta mahali pa kinu chake cha kwanza. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kukipinga mwaka 2024, na tangu hapo macho yamegeukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Kila kinu kinachopozwa kwa maji hutoa tritiamu kidogo katika kazi yake ya kila siku, bila ajali yoyote, na hakuna ALPS itakayoizuia. Tofauti ni kwamba ziwa si bahari. Maji yake mengi hayatoki kwa mto, hupanda kama mvuke na kurudi kama mvua juu ya ziwa lenyewe na nchi zinazolizunguka, na watu hunywa kutoka humo. Ile tofauti ndogo isiyotosha kusafisha tani milioni moja inatosha kabisa kusoma safari hiyo: molekuli zenye deuteriamu hubaki nyuma kidogo kila ziwa linapovukiza, na ndiyo maana vituo kama Entebbe na Dar es Salaam vimekusanya sampuli za mvua kwa miaka mingi katika mtandao wa dunia wa kupima isotopu za mvua, ulioanza kazi mwaka 1961. Vifaa na ujuzi vipo basi. Kabla mtu hajachimba msingi Siaya, wavuvi wa pande zote tatu za ziwa, Kenya, Uganda na Tanzania, wanastahili kuonyeshwa jedwali la kiasi cha tritiamu kilichomo leo katika maji wanayokunywa, kilichopimwa na maabara isiyomilikiwa na mwenye kinu, na waambiwe waziwazi kwamba namba hiyo itapanda kidogo, na kidogo hicho ni kiasi gani.